Mgonjwa wa Pikipiki Mbili

Migato, Itilima
Jumapili, 9 Machi 2025

Mwanangu Josia,

Kosa wanalolifanya wengi ni kudhani kwamba mgonjwa asiyejua pa kuonyesha kidole hana ugonjwa mkubwa. Nimeliweka juu kabisa, hata kabla ya salamu, kwa sababu barua yako ya Februari imenionyesha kwamba na wewe umeanza kuliamini. Sasa tusalimiane.

Mwangaluka. Huku kwetu mhola, salama tu, tunamshukuru Mungu. Mvua imechelewa lakini imekuja na nguvu, mahindi yamesimama, na pamba ya shamba la chini imeanza kutoa maua. Mimi masikio ndiyo yamenitoroka kabisa. Jumapili hii padri amehubiri nusu saa nzima nami nimeona midomo tu, nikaitikia amina kwa kukisia. Simu ukipiga nasikia mlio kama nyuki ndani ya debe. Kwa hiyo usichoke kuniandikia kwenye karatasi kama ulivyoanza. Barua zangu ataleta Paschal, kondakta wa basi la asubuhi. Ni mwaminifu, ila kichwa chake kina mambo mengi, ikichelewa usimgombeze.

Mkeo Joyness mwambie mimba ya miezi saba si wakati wa kubeba ndoo. Kama mwanamume wa nyumba hiyo ana mikono miwili, abebe yeye.

Haya. Uliandika hivi, nakunukuu: “Sengi, kuna wagonjwa wanatumalizia muda. Unamuuliza anaumwa nini, anasema mwili tu.”

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na minne kabla sijastaafu. Mtu aliyevunjika mguu hakuwahi kunisumbua, maana mguu wenyewe ulikuwa unanieleza. Walionitoa jasho ni hao wa “mwili tu”. Babu yako alichunga ng'ombe maisha yake yote, naye hakungoja ng'ombe aanguke ndipo ajue anaumwa. Alisema, “Huyu jana alifika majini wa tatu, leo amefika wa mwisho.” Ukimuuliza babu ng'ombe ana nini, alisema hajui. Lakini alikwisha mtenga na kundi na kumtazama.

Mwili wa mtu mzima haupigi kelele kama wa kijana. Mapafu yanaweza kujaa usaha bila kikohozi. Moyo unaweza kukosa damu bila kifua kuuma hata kidogo. Mwenyewe anachokiona ni kwamba nguvu zimeondoka, basi anakuambia hilo kwa sababu ndilo analolijua. Hajakuficha kitu wala hajakupotezea muda.

Jambo moja limenishangaza. Barua yako ilikuwa na hasira, na wewe si mtu wa hasira. Kuna nini?

Nakuachia amani ya nyumba hii,
Sengi wako, Felisita

*

Bariadi
23 Machi 2025

Shangazi yangu, Sengi Felisita,

Shikamoo. Barua yako imenifikia baada ya siku tisa; Paschal aliisahau chini ya kiti cha dereva. Joyness hajambo, ndoo nabeba mimi, na majirani wanacheka. Baba amepiga simu kutoka Morogoro, anakusalimu sana. Anasema tangu astaafu reli hajui afanye nini na asubuhi zake.

Hilo la hasira tuliache.

Nikueleze kwanza idara yetu ya dharura ilivyo. Mgonjwa akiingia anakutana na meza ya sista Benedikta. Anampima, anampa rangi: nyekundu anaingia hapo hapo, njano anangoja kidogo, kijani anangoja sana. Wasiojua wanaumwa nini karibu wote ni kijani. Wanakaa kwenye benchi la ukutani, tumeliita benchi la wachovu. Tunawaona mwisho, tunawapima malaria, tunawapa dawa ya maumivu na maneno mazuri, wanaondoka. Mkuu wetu wa idara, Dk. Method, ni mtu mwenye haki lakini ana haraka. Anasema, “Josia, dharura ni pale mtu anapokufa. Mchovu ana kliniki yake.”

Kuna mama mmoja anaitwa Ng'washi, miaka sitini na miwili, mkulima. Amekuja Februari, amekuja tena juzi. Malaria hana. Presha nzuri. Sukari nzuri. Damu ilipimwa Februari ikawa tisa, chini ya kumi na mbili inayotakiwa. Juzi hatukurudia kwa sababu ilikwisha pimwa. Maneno ni yale yale: nguvu hana. Hatazami mtu, amejifunika kanga hadi kidevuni. Benedikta ameandika kwenye kadi, “Mgonjwa hatoi ushirikiano.” Nimempa multivitamini.

Huyu mama ananikaa kichwani na sijui kwa nini. Niambie ungefanyaje. Na swali jingine, unisamehe nikikosa adabu: je, wewe uliwahi kumrudisha mtu nyumbani kimakosa?

Mwanao anayekuheshimu,
Josia

*

Migato
Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Mwanangu Josia,

Daraja la mto lilifunikwa na maji siku kumi na moja. Basi halikupita, na yako nimeipata juzi tu. Kwa hiyo usidhani nilikuwa nimenuna. Habari za huku ni tope. Ndama wawili wamezaliwa, mmoja mweupe kabisa, watoto wanagombea kumpa jina. Kwaya imenipa kazi ya kukunja matawi kwa kuwa kuimba siwezi tena.

Sasa Ng'washi. Nitakueleza polepole, nawe usiruke.

Kwanza, usimuulize mtu wa namna hiyo “Unaumwa nini?” Hilo swali hana jibu lake. Muulize, “Ni kazi gani uliyokuwa ukiifanya wakati wa Krismasi ambayo sasa imekushinda?” Mkulima hatajua jina la ugonjwa, lakini anajua siku aliyoacha kuteka maji. Ukipata siku hiyo umepata mwanzo wa ugonjwa, na ukijua kama ulishika polepole au ghafla, umeshapunguza nusu ya orodha yako.

Pili, pima vyote, na pima kwa mkono wako. Hesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Usikadirie, maana karibu kila muuguzi mvivu huandika ishirini. Kipimo cha jana si kipimo cha leo. Damu tisa ya Februari inakuambia habari za Februari. Tena mpime presha amelala, kisha amesimama; ikishuka akisimama, ujue damu au maji yamepungua mwilini.

Tatu, dawa. Usiulize “Unatumia dawa gani?” maana atasema hatumii. Kwa watu wetu dawa ni ile ya hospitali tu. Muulize anameza nini, anakunywa nini, anajipaka nini, cha dukani na cha mganga, na usikunje uso akikutajia mganga.

Nne, ni nani anayekuja naye? Umenieleza kanga yake mpaka kidevuni, lakini hukunieleza anayezungumza kwa niaba yake. Mgonjwa asiyezungumza hakosi msemaji. Nijibu hilo.

Kadi iliyoandikwa “hatoi ushirikiano” usiisome mara ya pili. Aliyeiandika alikuwa anaeleza uchovu wake mwenyewe.

Pasaka njema. Mle, mshibe, na unikumbuke kwenye misa ya mkesha.

Sengi Felisita

*

Bariadi
4 Mei 2025

Sengi,

Shikamoo. Tumepata mtoto wa kike tarehe 27 Aprili, kilo tatu na robo. Joyness mzima kabisa. Jina bado tunabishana na Baba, ambaye amepiga simu mara nne na kila mara ana jina jipya.

Niliona umeruka swali langu. Nami niliruka lako, kwa hiyo nitaanza mimi.

Ulisema nina hasira. Mwezi wa pili alikuja mzee mmoja, fundi wa baiskeli. Alisema, “Daktari, sijisikii,” basi. Joto lake lilikuwa thelathini na tano. Niliandika kwa mkono wangu: hana homa. Nikaandika “uchovu”, nikampa panadoli. Baada ya siku mbili wakamrudisha juu ya mkokoteni wa ng'ombe, mikono ya baridi, hajitambui. Ilikuwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Leo najua kwamba mzee akizidiwa na maambukizi joto linaweza kushuka badala ya kupanda. Siku ile sikujua. Alifariki kabla ya saa sita mchana. Tangu hapo nikiona benchi la wachovu nawachukia, kisha najichukia mimi.

Sasa namwona Ng'washi ni yeye tena. Alikuja mara ya tatu Ijumaa, tarehe 2. Nilifuata maneno yako. Kazi aliyoiacha: kuteka maji aliacha Februari, kutwanga aliacha Machi, na sasa pamba imepasuka shambani yeye amekaa mlangoni. Pumzi ishirini na sita kwa dakika. Damu nane. Nikamwonyesha Dk. Method. Akasema, “Wanawake wa vijijini wote wana nane. Mpe vidonge vya kuongeza damu.” Nimempa. Nimeuliza dawa, nikajibiwa hatumii kitu.

Mambo yangu hapa si mazuri. Tarehe 30 Mei kuna kikao cha idara. Inasemekana mimi ni mzito, nakawiza foleni, na nitahamishiwa kliniki ya kawaida. Sengi, nitakubali. Kama Ng'washi naye atanifia mikononi bila mimi kujua anaumwa nini, sitangoja wanihamishe, nitaomba mwenyewe.

Nimempangia arudi Jumatatu tarehe 19.

Nikuchekeshe kidogo kabla sijafunga. Huyo mama na kijana anayemleta, anaitwa Masalu, huja na pikipiki mbili! Mama amepakiwa na bodaboda, Masalu nyuma na pikipiki yake mwenyewe ambayo haina abiria. Benedikta alisema, “Hawa wana hela za kuchezea.” Na wakifika ndani, mama hakai benchi moja na Masalu. Anakaa sakafuni karibu na mlango, amempa mgongo. Masalu ndiye anayejibu kila kitu kwa sababu mama Kiswahili chake kidogo, na Kisukuma changu, unajua, ni cha Morogoro.

Na lile swali langu bado lipo.

Josia

*

Migato
Jumamosi, 17 Mei 2025

Josia,

Paschal amenipa barua yako leo saa nne. Imekaa naye wiki mbili. Hii simpi yeye. Nampa kijana wa bodaboda, aje aiweke mkononi mwako. Hongereni kwa mtoto. Mengine baadaye.

Masalu ni mkwe wake. Amemwoa binti yake. Sihitaji kuuliza. Hakuna mwanamke wa Kisukuma wa umri huo atakayepanda pikipiki amemshika kiunoni mume wa binti yake, wala atakayekaa naye benchi moja. Wewe ulicheka, mimi nimesimama wima niliposoma.

Miezi minne mmemhoji mama mbele ya mtu ambaye hawezi hata kula mbele yake. Kila alichokuambia ni kile kinachoweza kusemwa mbele ya mkwe, na kinachoweza kusemwa ni “mwili tu”. Halafu na Masalu naye, kwa heshima, hawezi kumuuliza wala kutamka mambo ya mwili wa mama mkwe wake. Kwa hiyo mlikuwa na watu wawili wenye adabu, na katikati yao ugonjwa.

Jumatatu fanya hivi. Mtoe Masalu nje, kwa heshima, umpe kazi. Na wewe mwenyewe ukae nyuma ya pazia, maana wewe pia ni mwanamume na umri wako ni wa mkwe. Tafuta mwanamke mzima, Msukuma, hata kama ni mfagiaji. Aulize yale yasiyotamkika: choo, mkojo, titi, damu kwa aliyekwisha koma hedhi. Kwa mtu ambaye damu yake inashuka kidogo kidogo, anza na choo. Je, ni cheusi kama lami, yaani kina damu iliyovujia tumboni? Lakini tahadhari: vidonge vya kuongeza damu ulivyompa navyo hufanya choo kiwe cheusi. Muulizeni kama kilianza kabla ya vidonge hivyo.

Na aulizwe tena anameza nini. Mwanamke wa miaka sitini na miwili aliyelima maisha yake yote lazima magoti yanamuuma, na kuna kidonge anachoyamezea.

F.

*

Bariadi
1 Juni 2025

Sengi wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Mtoto anakua, Joyness anakusalimu, Baba amekubali kungoja ubatizo ndipo jina litajwe. Umenisamehe kwa salamu fupi? Keti chini, nikusimulie yote.

Jumatatu ile wamefika saa tatu. Nikatoka hadi getini mwenyewe, nikasema, “Kaka Masalu, twende ofisi ya kadi, kuna karatasi lazima ujaze wewe.” Benedikta akanipigia kelele, “Daktari, siku hizi unatibu wasindikizaji?” Nikamwambia, “Leo ndiyo, sista.” Nikamwacha Masalu na karatasi tatu ambazo hazikuwa na maana yoyote, Mungu anisamehe.

Mwanamke mzima nilimpata bila shida. Ni mama Monika, anayetufagilia na kutusukumia vitanda, mtu wa Maswa, ana wajukuu tisa. Nikamweleza. Akaweka ufagio pembeni, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaingia nyuma ya pazia na kukaa kitandani kando ya Ng'washi. Mimi nikasimama upande wa pili na kalamu. Walizungumza Kisukuma, nami nilikuwa naokota neno hapa na pale. Mengine Monika alinitafsiria.

Hakuanza na choo, Sengi. Alianza na mvua. Kisha pamba. Kisha wajukuu. Nilikuwa nakata kucha kwa meno. Kisha akamwita mama kwa Kisukuma, akauliza kwa sauti ile ile ya kuuliza habari za mvua, “Na chooni, mayu, kukoje?”

Hapo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa miezi minne: sauti ya Ng'washi. Alikuwa anacheka.

“Amekwenda?”

“Nani?”

“Mkwe.”

“Yuko mbali, anaandika makaratasi. Sema, mayu.”

“Ni cheusi. Kama lami ya barabara mpya. Tangu kabla ya Kwaresima. Na harufu yake, we!”

“Mbona hukusema?”

“Niseme choo mbele ya mume wa binti yangu? Bora nife.”

“Ulikuwa unakufa kweli, mayu.”

Vidonge vyetu vya damu alianza Mei. Cheusi kilianza kabla ya Kwaresima. Kisha magoti. Alikuwa navyo kwenye pindo la kanga: diklofenaki ya maumivu, vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, tangu Krismasi, mara nyingi kabla ya kula. Nikampima presha amelala, mia na kumi. Amesimama, themanini, na akamshika Monika begani. Damu tano na nusu.

Nilimwita Dk. Method. Alisoma kadi, akasoma tena, akavaa glavu mwenyewe. Ndani ya saa moja Ng'washi alikuwa na sindano mbili mishipani na ombi la damu limekwenda maabara.

Masalu nilimkuta nje na karatasi zake. Nilipomwambia kwamba vidonge vya magoti huchubua tumbo likavuja damu, alikaa chini kwenye kokoto. “Mimi ndiye niliyekuwa namnunulia. Kila gulio. Kumbe namuua mwenyewe?” Nikamwambia, “Kaka, umemleta mara nne. Tuliomrudisha ni sisi.” Akafuta uso, akakunja shati, akasema, “Mnataka damu? Hii hapa.”

Hapo ndipo lilipozuka jipya. Ng'washi akasikia kwamba mkwe ametoa damu, akafunga mkono, hataki. Damu ya mkwe iingie mwilini mwake? Haijapata kuonekana! Monika akamwinamia. “Mayu, damu ikishaingia benki haina ukoo. Yake wataipeleka kwa mwingine, na wewe utapewa ya mtu wa Magu asiyekujua.” Ng'washi akafikiri. “Una hakika ni ya Magu?” Monika akasema, “Nimeiona chupa.” Hajaona chupa yoyote, lakini kwamba yake ilikwenda kwa mwingine ni kweli, makundi yao hayafanani.

Alipewa chupa tatu. Akapelekwa Mwanza wakamwingiza kamera tumboni, wakaona kidonda, wakakitibu. Siku ya Alhamisi amekuja kuonyesha kadi. Pikipiki mbili. Amevaa kanga mpya, uso wazi, akapita mezani kwa Benedikta na kumsalimu yeye kwanza. Benedikta alisimama kuitikia. Kisha sista huyo huyo akaniomba ile kadi ya Machi, akayakata kwa mstari maneno yake, akaweka sahihi na tarehe.

Na kikao, Sengi! Ijumaa tarehe 30. Nilikuwa nimeandika barua ya kuomba uhamisho, ipo mfukoni. Mwenye kumbukumbu akasoma, “Ajenda ya tatu, kasi ya Tabibu Josia.” Dk. Method akasimama.

“Kabla ya hiyo, andika ya kwangu. Mimi ndiye niliyesema wanawake wa vijijini wote wana damu nane. Iandike kwenye muhtasari kama nilivyoitamka, na jina langu.”

Akaendelea. Kuanzia siku hiyo kila mgonjwa wa “mwili tu” atahojiwa mara moja akiwa peke yake. Jina la Monika limeingia kwenye ratiba ya zamu. Hafagii tena asubuhi, anauliza. Na kijani aliyezidi miaka sitini hatoki bila kupimwa upya vyote. Kisha akanigeukia: “Wewe huendi kliniki. Wewe utawafundisha wengine.” Wakapiga makofi. Barua yangu ya uhamisho Joyness ameitumia kuwashia jiko.

Tangu Jumatatu ile Monika alipoanza kuuliza, tumepata wawili zaidi. Mzee mmoja aliyeletwa kwa “usingizi tu” alikuwa na nimonia. Na mama muuza dagaa aliyesema amechoka, hana maumivu popote, mshipa wa moyo wake ulikuwa umeziba. Wote wako hai na wanalalamikia uji wa hospitali.

Jumatatu tarehe 9 ndiyo siku yangu ya kwanza ya kufundisha. Matabibu sita wapya watakuwa mbele yangu. Nianzie wapi? Nami nauliza kwa mara ya tatu na ya mwisho, ukikataa nitanyamaza: wewe uliwahi?

Mwanao,
Josia

*

Migato
Pentekoste, 8 Juni 2025

Mwanangu Josia,

Wabeja, asante. Wabeja sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, na ingawa sijisikii mwenyewe, walionizunguka wameshangilia. Mpe mama Monika salamu zangu, umwambie amenizidi. Mimi nisingeweza kuanza na mvua, ningeanza na choo. Huku tunachuma pamba. Magunia yamejaa baraza, hakuna pa kukaa, na hakuna anayelalamika.

Sasa nikujibu. Nilikawia kwa sababu nilitaka kwanza ushinde. Mtu aliyeanguka ukimsimulia ulivyoanguka wewe, anaweza kudhani kuanguka ndiyo kazi yenyewe.

Ndiyo, niliwahi. Mwaka 1991, kwenye zahanati ambayo sasa haipo tena. Alikuwa mlinzi wa ghala la pamba, mzee Januarius, mtu wa mzaha, alikuwa akiniita mchumba kila akinisalimu. Siku hiyo hakuniita mchumba. Alikaa kwenye kiti akasema, “Sista, sina raha.” Nilimpima akiwa amekaa. Nilimhoji akiwa amekaa. Nikampa dawa akiwa amekaa, nami nikainama kuandika kwenye daftari, na yeye akatoka wakati macho yangu yapo kwenye daftari. Waliokuwa nje waliniambia baadaye kwamba alishika ukuta kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa mkwaju, akapumzika, akashika tena uzio. Wote walimwona isipokuwa mimi. Alifia njiani, hakufika ghalani.

Sijui hadi leo aliumwa nini. Ninachojua ni kwamba ningemwona akitembea nisingemruhusu aondoke. Nililia mwaka mzima, kisha nikaamua kwamba machozi hayamsaidii atakayekuja kesho, nikabadili namna yangu ya kufanya kazi. Miaka yote iliyofuata nilimtazama kila mgonjwa akitembea, na wako watu wazima humu Migato, wenye wajukuu, ambao wanaishi kwa sababu ya mzee yule. Fundi wako wa baiskeli naye amekwisha mwokoa Ng'washi, na mzee wa usingizi, na mama wa dagaa. Usimwonee haya tena. Mtaje kwa wanafunzi wako, na utaje ile thelathini na tano.

Unauliza uanzie wapi. Usianze na ubao wala na majina ya magonjwa. Matabibu sita wapya wataandika kila utakachosema na hawatakumbuka hata kimoja. Wapeleke kwenye benchi.

Barua hii inakuja na bodaboda asubuhi na mapema, utaipata kabla ya zamu. Basi leo, mgonjwa wa kwanza ambaye mmoja wao atataka kumruhusu aende nyumbani, mwambieni asimame, atembee mpaka mlangoni na kurudi, na nyote saba wekeni kalamu chini mpaka atakapokaa.

Sengi wako,
Felisita